Magongo ya Mama Mkwe

Mloka,
Ijumaa, 11 Aprili 2025

Fundi wangu Zaidi,

Assalaam aleikum. Mimi mzima, mpunga mzima, na ndege ni wazima kutushinda sote. Salamu nyingine jijazie mwenyewe, maana karatasi ni moja na Abdulrazaq, konda wa basi la Kibiti, ameshaanza kuita abiria.

Nakuandikia kwa sababu simu yangu iliingia maji bondeni na haijawaka tena. Kwa Habiba simu ipo, lakini binamu yangu unamjua, huiweka katikati ya ukumbi kila mtu asikie. Nitakuitaje mume wangu mbele ya watu tisa? Halafu siku hizi simuni umekuwa mtu wa "ehe" na "sawa". Juzi nilikuambia nguruwe wamekula robo ya shamba, ukanijibu alhamdulillahi. Nilikata simu nikacheka, kisha nikaacha kucheka.

Haja yangu ni hii. Tangu mama avunjike nyonga mwezi wa pili amelala tu kwa Habiba. Sasa hospitali wamesema ainuke, atembee na magongo ya kwapani. Tuliyoazima ni marefu, yanampandisha mabega mpaka masikioni. Nimempima kwa kamba ya ukindu, iko humu ndani ya barua: fundo la kwanza ni kwapa, la pili ni mkono, mwisho wa kamba ni ardhi. Ngozi yake imekuwa nyembamba, ukimshika kwa nguvu unaacha alama. Kwa hiyo pale juu, panapoingia kwapani, pawe laini kabisa, kingo zote, hata zile za chini zisizoonekana.

Mimi niko shambani bondeni, nakaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti alichojenga marehemu baba. Kutwa naamia ndege na kufukuza ngedere. Napiga debe, napiga kelele, na hakuna wa kunijibu. Ijumaa tu ndiyo napanda kijijini kumwona mama. Nilidhani nitakaa wiki sita, sasa ni mwezi wa tatu. Upweke nimeujua, mume wangu. Siku nyingine nawasimulia ngedere habari zetu.

Mkeo,
Mwanahawa


Kibiti,
Jumapili, 20 Aprili 2025

Mke wangu Mwanahawa,

Waaleikum salaam. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya kwanza nikiwa nimesimama na mashine ya msasa mkononi.

Magongo hayo, Abdulrazaq ameyapokea. Nilipomwambia nina gongo la mama mkwe akaniuliza ni chupa ngapi, maana njiani kuna polisi. Mbao ni mninga uliobaki kwenye kitanda cha mteja wa Nyamisati. Pale pa kwapani nimepachonga bonde katikati, na huku na huku pameinuka kidogo ili gongo lisiteleze.

Bonde namna ile lina kazi yake. Diski ya msasa ni bapa na ukingo umepinda, ukiikandamiza inachimba. Kwa hiyo nyuma ya diski nimeweka sponji ili ijikunje. Nikaanza na msasa namba themanini, nikaja mia na ishirini, nikamalizia na mia mbili na arobaini, nikifuata nyuzi za mbao, mkono usisimame mahali pamoja. Ndani kabisa, ambako diski haifiki, nilitumia drili niliyoivisha mpira na msasa juu yake. Mrisho, fundi wa karakana ya jirani, alikuja akanigusa bega, akanionyesha kwa mkono kwamba nakandamiza mno. Nikamwambia ashughulike na vitanda vyake. Ila mashine hii siku hizi imekuwa na sauti ndogo. Nadhani imeuzoea mkono wangu.

Kuhusu nguruwe, nilimaanisha alhamdulillahi robo tatu zimebaki. Habari ya simu unisamehe, karakana ina kelele. Usinipigie, niandikie.

Nyumbani pako vile vile. Sufuria zinaning'inia ulivyozipanga. Chai napika, ugali nakula kwa mama lishe wa stendi, nakaa meza ya pembeni nisiongeleshwe. Kanga uliyoiacha kwenye kamba ya uani niliianua mvua ilipoanza. Mvua ilipokatika nikaitundika tena, ili nikirudi nione kitu chako uani.

Mama mkwe namwamkia kwa heshima zote.

Mumeo,
Zaidi


Mloka,
Jumamosi, 3 Mei 2025

Zaidi,

Magongo yalifika. Mama aliyapokea kwa furaha, akatembea siku tatu, na siku ya nne makwapa yalikuwa yamechubuka yote mawili. Nilipitisha kidole pale bondeni. Kwa macho ni pazuri, panang'aa, lakini kidole kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka, na ukingo wa chini una shimo la kuingia punje ya mpunga. Fundi niliyeolewa naye asingetoa kazi hii hata kwa mtu anayemchukia. Mama hakulalamika kwa kuwa wewe ni mkwe wake. Alisema tu, "Labda alikuwa na haraka."

Nikawa najiuliza haraka ya nini. Jana nikavunja amri yako, nikakupigia kwa simu ya Habiba, nikatoka nayo mpaka nyuma ya jiko. Nilikuuliza waziwazi, tena taratibu: "Zaidi, miaka minane hatujajaliwa mtoto, na miezi mitatu sipo nyumbani. Kama una haja ya mke mwingine niambie mwenyewe, nisije nikasikia kwa watu. Unayo haja hiyo?"

Ukajibu: "Ndiyo, ndiyo. Inshallah, wiki ijayo."

Hukusita hata kidogo. Tena ulicheka, kile kicheko chako cha puani, ukaniambia nimsalimie mama.

Mimi ukewenza siuwezi, nilikuambia tangu siku za posa. Basi fanya utakalo. Sikulaani, ila nimeumia. Leo ndege wamekula mpunga mbele ya macho yangu na sikunyanyuka kuwafukuza.

Nimekufungia majani ya msasa kwenye gazeti. Msasa wa mti, si wa dukani. Baba alilainishia mipini ya majembe kwa majani haya na hakuna mtu aliyetoka lengelenge. Mpe huyo bibi harusi wako akusaidie kazi.

Mwanahawa binti Kibwana


Kibiti,
Jumatano, 7 Mei 2025

Mwanahawa, mke wangu,

Sina mke mwingine, sina mchumba, sina hata paka. Nakuomba unisome mpaka mwisho.

Sisikii. Ndilo jambo lenyewe. Sikio la kushoto lilianza kuvuma mwaka juzi, la kulia likafuata, na tangu Ramadhani hata adhana naijua kwa kuona watu wanakwenda. Simuni sauti yako inanijia kama mtu anayesema ndani ya mtungi. Siku ile nilisikia jina langu, kisha mvumo mrefu, kisha kimya, nikajua nimeulizwa swali. Nikabahatisha. Nilidhani umeniuliza kama nitakuja kumwona mama. Nilicheka kwa sababu nilifurahi, nikidhani unataka nije. Nikaenda kununua sabuni na kilo mbili za sukari za kuja nazo. Bado ziko mezani.

Mashine ya msasa ina sauti zake. Ikipita vizuri juu ya ukingo uliopinda huimba nyembamba, ukiikandamiza inaguna, nawe unainua mkono kabla haijachimba. Kwa sauti hiyo ndiyo nimefanya kazi miaka kumi na saba. Watu wanadhani fundi hulainisha kwa macho, lakini macho hayaoni kitu kwenye lile vumbi. Sasa mashine inaguna na mimi sina habari. Mrisho aliisikia, mimi nikamfukuza. Ndiyo maana mama ameumia, na ndiyo maana vitanda viwili vimerudishwa hapa tangu mwezi wa tatu. Niombee radhi kwake, mimi nitashindwa kumtazama.

Ulinikemea miaka yote nizibe masikio kwa pamba nikiwasha mashine. Nikakujibu pamba ni ya maiti. Sasa daktari ameniambia yaliyopotea hayarudi.

Nilikuficha kwa sababu niliona haya. Nilijua ukisikia utaacha shamba urudi kwa huruma, na mimi sikutaka kuhurumiwa na wewe. Nilitaka unikute kama ulivyoniacha.

Sasa naogopa kuja. Ulivyoandika, umeweka jina la baba yako mwisho wa barua. Nitaingiaje kwenye nyumba aliyomo mama mkwe wangu, aniulize habari za Kibiti, nimjibu habari za mbao? Ukiniambia njoo, nitakuja na aibu yangu. Usiponiambia, siji.

Mumeo, bado,
Zaidi


Kibiti,
Jumapili, 18 Mei 2025

Mke wangu,

Jibu sijapata. Abdulrazaq amenionyesha kwa vidole kwamba barua aliiweka mkononi mwako, si kwa Habiba, mkononi mwako. Kila basi la Mloka likifika nasimama mlangoni mwa karakana, nikitazama stendi, mpaka abiria wa mwisho ashuke. Huyo konda sasa akiniona ananitikisia kichwa akiwa mlangoni, nisisumbuke kuja.

Jana nilifunga karakana mchana. Mtu alibisha hodi uani, sijui alibisha kwa muda gani. Nilimwona anaondoka, mgongo tu. Nilimkimbilia mpaka barabarani nikidhani ni wewe. Alikuwa muuza dagaa.

Andika neno moja, hata la kunitukana.

Zaidi


Mloka,
Jumamosi, 24 Mei 2025

Shemeji Zaidi,

Salaam. Mimi si mwandishi, kwa hiyo nitasema moja kwa moja. Barua zako mbili ziko dunguni, zimechomekwa kwenye nyasi za paa, na zote mbili hazijafunguliwa. Mwanahawa anasema mwanamke akiwa kwao na ugomvi, karatasi ya mume ni ya aina moja tu. Hapa Mloka ndivyo tulivyozoea. Jirani yetu Hafsa aliletewa bahasha mwaka jana, akaifungua anatabasamu, akidhani ni picha. Ilikuwa talaka yake, na mashahidi wawili wamesaini.

Nilimwambia fungua, akakataa. Anasema muda ambao hajaisoma bado ni mke wa mtu. Nilipotaka kuzifungua mimi alinijia na panga la kufyekea, na sikuona dalili ya mchezo. Analala chini ya hizo karatasi kila siku, anaziangalia. Amekonda. Mpunga unalindwa, lakini yeye hana wa kumlinda.

Sasa nijibu kama mwanamume. Ni talaka au si talaka? Kama ni talaka usiandike, kimya chako kitanitosha. Kama si talaka, tafuta njia nyingine yoyote, ila karatasi hatazifungua, hata ukileta gunia zima.

Mama hatembei tena. Amerudi kulala.

Habiba


Kibiti,
Jumamosi, 31 Mei 2025

Shemeji Habiba,

Si talaka. Haikuwa talaka hata siku moja. Usimwambie hivyo, atadhani unamliwaza, kisha hatakuamini tena na wewe.

Nakutumia magongo mengine. Haya mashine haikuyagusa tangu nilipomaliza kukata. Nimeyalainisha kwa yale majani ya msasa aliyonitumia Mwanahawa kwa hasira. Niliyalowesha kidogo yasivunjike, nikayafunga kwenye kidole, nikawa napita bondeni polepole kufuata nyuzi. Jani linajikunja lenyewe kila mahali ukingo unapojikunja. Kidole kikiwa nyuma yake kinaniambia palipoinuka na palipozama, na sihitaji kusikia. Imenichukua siku sita kwa kazi ya saa mbili. Nimeyasugua kwenye kwapa langu mwenyewe, kifua wazi, mpaka Mrisho akaja kuuliza kwa ishara kama nina homa.

Ubavu mmoja wa gongo la kulia sikuupiga msasa. Utaona sababu. Mpe mama ayatumie, usiyafunike na kitambaa. Ijumaa mwenzako atakapokuja kumsalimia, mwache amshike mama mkono amtembeze. Basi, huna kazi nyingine.

Shemeji yako,
Zaidi


[Kwa penseli ya useremala, ubavuni mwa gongo la kulia]

MWANAHAWA. HII SI KARATASI. SISIKII, MASHINE IMENIHARIBU MASIKIO. SWALI LAKO LA SIMUNI SIKULISIKIA. NILIDHANI UNANIULIZA KAMA NITAKUJA. SINA MWINGINE NA SIMTAKI. ZILIZOKO PAANI ZIFUNGUE. ZAIDI


Mloka,
Ijumaa, 13 Juni 2025

Mume wangu Zaidi,

Assalaam aleikum. Kwanza habari za mama, maana wewe utaanza kuuliza hizo. Makwapa mazima. Anatembea mpaka dukani na kurudi, na jana alimkemea mbuzi wa watu hadi kwenye zizi lake.

Ila mama yangu, unajua, hakusoma. Magongo yalifika Jumatatu na Ijumaa ile ya kabla ya Idi sikupanda, wala Idi yenyewe, tulikuwa tunaanza kuvuna. Kwa hiyo alizunguka na barua yako kwapani siku kumi na moja. Mwenye duka akamwambia, "Pole sana, mama." Akadhani ni kwa ajili ya nyonga, akashukuru. Mke wa imamu akamwambia, "Mungu ataponya." Akaitikia amina. Siku ya Idi watu walimpisha njia waweze kuona ubavu wa kulia vizuri. Mimi, mwenye barua, nimeisoma leo asubuhi baada ya Mloka nzima. Nilimshika mama mkono kama Habiba alivyotaka, nikaona jina langu kwenye mbao, nikakaa chini hapo hapo njiani. Mama akasema, "Huyu naye ameteleza."

Nimekimbia bondeni nimezifungua zote mbili. Siku zaidi ya thelathini nimelala chini ya karatasi nikiogopa, na ndani yake ulikuwa unaniita. Nisamehe. Nisamehe na ile kejeli ya bibi harusi. Na hasira ninayo pia, usidhani sina. Ulinificha miaka miwili, mtu ninayekula naye sahani moja. Ulinijibu alhamdulillahi kwa nguruwe. Kuna mambo mangapi mengine nilikuambia ukaitikia tu?

Nimelia sana leo, na sikulia kwa ajili ya talaka. Nimeililia sauti yangu. Miaka minane umekuwa ukiisikia, na ile siku ya mwisho ulipoisikia sawasawa sijui nilikuwa nasema nini. Pengine nilikuwa nakugombeza habari ya vumbi ndani ya nyumba. Ningejua ningesema kitu kingine.

Habiba alitaka kuchukua majani ya msasa ayafute yale maandishi, anasema tumekuwa kichekesho. Mama amekataa. Tulipomsomea aliyageuza magongo, akapapasa ile sehemu ya kwapani, kingo zote, za juu na za chini, muda mrefu. Kisha akasema nikuandikie kwamba mkwe wake asiogope kuingia nyumba aliyomo. Akitaka kukuuliza jambo atakuja karibu, akuguse bega, akuangalie usoni.

Mpunga tumeshausomba wote. Dungu liko tupu na mimi niko kwa Habiba, sina tena ndege wa kuamia. Lile swali nililokuuliza kwa simu nimelifuta. Sasa nakuuliza jingine, kwa wino, ulione kwa macho yako: Zaidi, una haja na mke huyu mmoja, na kama unayo, utakuja kumchukua?

Mkeo,
Mwanahawa


Kibiti,
Jumatatu, 16 Juni 2025

Ndiyo, ndiyo. Inshallah, wiki ijayo.

Zaidi